Chipsi, piza, tambi, aiskrimu au chokoleti: kipi kinafaa kwa jioni ipi

Mkazi wa mjini hahangaiki kutafuta vitamu. Vitamu ndivyo vinavyomtafuta. Anatoka kazini amechoka, anapita kwenye harufu ya mafuta ya kukaangia, anafungua simu anakutana na picha ya piza, anaingia dukani kununua sabuni na pale pa kulipia chokoleti zimepangwa usawa wa mkono. Suala la kula au kutokula mara nyingi limeshaamuliwa na uchovu kabla hajafika nyumbani. Kinachobaki mikononi mwake ni kuamua ale kipi, akipate kwa njia gani, na akomee wapi. Hapo ndipo wengi tunapopunjika: tunalipa gharama yote, ya mfukoni na ya mwilini, halafu raha yenyewe tunaila ikiwa imepoa na kulainika, au tunaimeza kwa haraka tukiwa tumesimama mbele ya friji.

Nimeviweka vitano hivi pamoja kwa sababu vinapatikana karibu kila mji duniani. Ninavipima kwa maswali matatu. Je, kinafika mdomoni kikiwa katika ubora wake? Je, kina mahali pa kuishia, au mkono unaendelea mpaka chombo kiwe kitupu? Na je, kinatuliza njaa ya namna gani: ya tumbo, ya uchovu, au ya upweke? Kalori nitazigusa panapohusika tu. Anayezijua na asiyezijua wote wawili hununua chipsi.

Tuanze na njaa yenyewe

Mwenye njaa hana miiko, na aliyekosa usingizi ana miiko michache zaidi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwaweka vijana 12 wa kiume wenye afya kwenye usingizi wa saa 4 tu kwa siku 2 mfululizo, kisha wakalinganisha na siku walizopewa saa 10 za kulala. Baada ya usingizi kukatwa, ghrelini, homoni inayoamsha njaa, ilipanda kwa asilimia 28. Leptini, inayouarifu ubongo kwamba mwili una akiba ya kutosha, ilishuka kwa asilimia 18. Na hamu iliyozidi haikuwa ya kila chakula kwa usawa. Iliongezeka zaidi kwenye vitamu, vyenye chumvi na vya wanga. Ni kundi dogo, lakini anayeishi kando ya barabara yenye makelele na kuamka alfajiri kuwahi usafiri ataona kabisa anasemwa yeye.

Faida ya kulijua hili wakati wa kuchagua ni moja. Siku uliyolala vibaya, usiende kwenye kitu cha kuonja. Nenda kwenye kitu cha kushibisha. Chokoleti inayokutosha vizuri Jumamosi mchana haitakutosha Jumanne ya usingizi wa saa 4. Utaila yote na bado utafungua kabati.

Halafu kuna hatia. Watu wengi huviita vyakula hivi dhambi, wakivila wanajilaumu, na wanaamini kwamba lawama hiyo ndiyo breki yao. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, waliwauliza watu keki ya chokoleti inawakumbusha nini zaidi, hatia au sherehe. Waliosema hatia hawakuonekana kula kwa afya kuliko wenzao. Na miongoni mwa waliokuwa wakitaka kupunguza uzito, wale wa hatia ndio waliofanikiwa kidogo. Sishangai. Anayejiona mkosaji hula haraka na kwa kujificha, na chakula kilicholiwa hivyo hakikumbukwi. Baada ya saa moja hamu inarudi ikidai haki yake upya.

Chipsi na piza

Hivi viwili ndivyo vinavyogombaniwa zaidi na mtu mwenye njaa ya kweli, na watu huvilinganisha kwa bei au kwa unono. Mimi naona tofauti kubwa iko kwenye safari.

Chipsi ni chakula cha dakika. Kiazi kikiingia kwenye mafuta ya moto, maji ya juu yanachemka na kutoka kama mvuke, ndiyo ile sauti ya kuchachatika, na ngozi ya nje inakauka kuwa gamba gumu huku ndani kukiiva kwa mvuke wake na kuwa laini kama uji mzito. Mpishi makini hukaanga mara mbili: kwanza kwa moto wa kadiri, kama nyuzi 150 hadi 160 za selsiasi, ili ndani kuive, anazipumzisha, kisha anazirudisha kwenye mafuta ya nyuzi 180 au zaidi kidogo ili nje kukauke na kupata rangi. Zikitoka hapo, saa imeanza kuhesabu. Unyevu ulioko ndani unasogea kuelekea kwenye gamba, na gamba linaanza kulegea. Ukizifungia kwenye chombo chenye kifuniko, mvuke hauna pa kutokea. Funua kifuniko baada ya dakika 20 za barabarani uone: upande wa ndani umejaa matone ya maji, na chipsi za chini zimelala zimeshikamana. Chumvi iko pale pale, mafuta yako pale pale. Kilichopotea ni ule mlio wa kwanza wa jino, yaani sababu yenyewe iliyokufanya uzitamani.

Kwa hiyo chipsi huliwa pale zinapokaangwa. Kama lazima uzibebe, omba zifungwe kwenye karatasi iliyo wazi juu, mchuzi uwekwe pembeni, na chagua zilizokatwa nene, kwa kuwa nyembamba hupoa kabla hujafika kona ya mtaa. Zikishalala, kuzifufua ni kazi ngumu. Oveni yenye moto mkali husaidia kiasi. Maikrowevu huzimaliza kabisa.

Neno moja kuhusu rangi. Mwaka 2002 wanasayansi wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vinapopikwa kwa moto mkali hutengeneza akrilamaidi, kemikali ambayo imethibitika kuleta saratani kwa wanyama wa maabara. Kadiri kiazi kinavyokaangwa hadi kuwa cha kahawia nzito, ndivyo inavyoongezeka. Chagua za dhahabu, ziache zilizoungua pembeni. Na ukikaanga nyumbani, usihifadhi viazi vibichi kwenye friji: baridi hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo inayofanya chipsi ziwe nyeusi nje kabla ndani hakujaiva.

Piza inastahimili safari kwa sababu msingi wake ni mkate. Sanduku lake ni la karatasi ngumu inayonyonya unyevu, mara nyingi lina vitobo pembeni, na jibini juu huhifadhi joto. Lakini piza si moja. Ile ya Napoli, inayookwa kwa sekunde 60 hadi 90 kwenye tanuri lenye joto la nyuzi zaidi ya 400, ina unga laini na katikati yenye majimaji. Hiyo ni ya kuliwa mezani, mita chache kutoka tanurini. Ukiifungia sandukuni inalegea na kujikunja. Ya kuagiza ni ile iliyookwa taratibu zaidi kwa moto mdogo, yenye kitako kikavu au kinene. Watu wengi huilaumu piza ya kuletewa kuwa mbaya, kumbe ni nzuri, ila haikuumbwa kwa ajili ya kusafirishwa.

Piza pia ina zawadi ambayo chipsi hazina, nayo ni kesho. Kipande kilichobaki kiweke kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo, dakika chache mpaka chini kuwe kukavu tena. Kisha dondosha matone ya maji pembeni ya kikaango, si juu ya kipande, na ufunike kwa dakika moja ili jibini liyeyuke. Mara nyingine kinakuwa kitamu kuliko jana yake. Maikrowevu itakupa unga unaovutika kama mpira.

Kuhusu mahali pa kuishia, piza inashinda: ina vipande, na kipande kinahesabika. Chipsi zinaokotwa mojamoja bila hesabu, na kila moja inaonekana ndogo mno kuwa na maana. Ila piza ina mtego wake, ambao ni jiometri. Tofauti ya bei kati ya saizi ya kati na kubwa huwa ndogo, na macho huona tofauti ndogo pia. Lakini piza ya upana wa sentimita 40 ina eneo linalozidi lile la sentimita 30 kwa karibu asilimia 80. Ukiwa peke yako, "kubwa" si nyongeza kidogo. Ni karibu mlo wa pili. Kama una nia ya kula kesho, agiza kubwa, na toa vipande vya kesho kwenye sanduku kabla hujaketi, maana sanduku likiwa wazi mbele yako filamu ikiendelea, kesho hiyo haifiki.

Hukumu yangu hapa haina mashaka. Uko njiani na unaweza kusimama au kuketi jirani na kikaango: chipsi, bila kujiuliza mara mbili. Umeshafika nyumbani na tumbo linadai: piza. Chipsi za kuagizwa kwa simu kutoka mbali naziweka mwisho wa orodha yote hii. Kuku wa kukaanga yeye anavumilia zaidi, kwa kuwa kipande chenye mfupa hutunza joto, na hata akipoa bado ana utamu wake. Ukiwa na hamu ya kitu cha mafuta na lazima kiletwe mlangoni, agiza kuku na uache chipsi.

Tambi za pakiti, kwa anayefika usiku

Tambi za papo hapo hazipewi heshima zinayostahili. Momofuku Ando alizileta sokoni Japani mwaka 1958, na zile za kikombe zikafuata mwaka 1971. Siri yake ni kukaanga: tambi zilizokwisha kuivishwa kwa mvuke zinatumbukizwa kwenye mafuta ya moto, maji yanatoka kwa kasi na kuacha vitundu vidogo vidogo. Ukimwaga maji ya moto, yanarudi kupitia vitundu hivyo hivyo, ndiyo maana dakika 3 zinatosha. Ndiyo maana vilevile tambi hizi zina mafuta hata kabla hujaongeza chochote, isipokuwa zile zilizokaushwa kwa hewa, pakiti itakuambia.

Nikizilinganisha na kuagiza chakula, ninachokiangalia kwanza ni muda wa kungoja. Unayengoja mlango ugongwe kwa dakika 40 ukiwa na njaa hukai bure. Unakula biskuti, unafungua njugu, unaonja mabaki. Chakula kinapofika umeshakula mlo mmoja usioukumbuka, na sasa unaanza wa pili. Tambi zinakufikia kabla njaa haijapata akili ya kuzurura.

Kasoro yake kubwa ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na pakiti moja ya tambi inaweza kubeba zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya chumvi hiyo iko kwenye kile kipakiti cha unga wa ladha, na hicho kiko mikononi mwako. Tumia nusu. Usinywe mchuzi wote. Pasulia yai wakati maji bado yanachemka, lisukume pembeni lishike bila kuvunjika, na dakika ya mwisho tupia kabichi iliyokatwa nyembamba au mchicha.

Kabichi hiyo haipo kwa ajili ya afya tu. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani, wakiongozwa na Kevin Hall, waliwalisha watu wazima 20 vyakula vilivyosindikwa sana kwa wiki 2 na visivyosindikwa kwa wiki 2 nyingine, wakiwaacha wale watakavyo. Milo iliyoandaliwa ilisawazishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi. Kwenye vilivyosindikwa watu walikula takribani kilokalori 500 zaidi kila siku, na walikula kwa kasi zaidi. Tambi tupu hutelezeshwa tu kooni. Ukiweka kitu cha kutafuna ndani yake, unaupa mwili nafasi ya kugundua kwamba umekula.

Kwa mahali pa kuishia, hakuna anayezishinda: pakiti ni moja, bakuli ni moja. Ukitaka kufungua ya pili ni lazima uchemshe maji upya, na kile kitambo kifupi cha kungoja maji kinatosha kuuliza kama kweli unataka. Linganisha na mfuko wa krispi, ambao hauna kituo popote kati ya kuufungua na kuukung'uta. Kati ya tambi zenye yai na krispi usiku wa manane, sioni hata cha kujadili.

Aiskrimu na chokoleti

Sasa tumeondoka kwenye njaa ya tumbo. Anayetafuta hivi viwili mara nyingi ameshakula, au hataki kula. Anataka kuliwazwa.

Aiskrimu inauzwa kwa ujazo, na sehemu ya ujazo huo ni hewa. Bila hewa ingekuwa tonge gumu la barafu tamu, kwa hiyo hewa ni ya lazima. Suala ni kiasi. Kwenye aiskrimu nyingi za bei rahisi, karibu nusu ya kopo ni hewa. Hakuna haja ya kusoma sana: shika makopo mawili ya ujazo uleule, moja kila mkono. Lililo zito lina aiskrimu nyingi. Nzito huyeyuka taratibu, hujaza mdomo, na kwa uzoefu wangu vijiko vichache vyake hutuliza kuliko bakuli la ile nyepesi. Bei yake ni kubwa, na bado naona ndiyo nafuu.

Tatizo la aiskrimu mjini, kama la chipsi, ni safari. Inapaswa kukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na kila inapolainika na kuganda tena, chembe zake za barafu hukua. Ukifungua kopo ukakuta barafu nyeupe imetanda chini ya kifuniko, na aiskrimu imejitenga na kingo za kopo, ujue imeyeyuka na kuganda mahali fulani njiani. Hailiwi kwa raha. Inakwaruza ulimi kama mchanga. Nunua mwisho kabisa wa mzunguko wako dukani, chukua la ndani ya friza badala ya la juu, na uende nyumbani moja kwa moja. Foleni ndefu na aiskrimu havipatani. Kama njia yako ni ndefu, kula koni pale pale nje na uachane na kopo.

Pia jua kwamba baridi hupunguza utamu ulimini, hivyo watengenezaji huongeza sukari kufidia. Onja aiskrimu iliyoyeyuka kabisa uone ilivyo tamu kupita kiasi. Gramu 100 za aiskrimu ya kawaida zina takribani gramu 20 za sukari, baadhi ikiwa ni ya maziwa yenyewe, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa anayekula kilokalori 2,000. Bakuli moja si balaa. Kopo zima na kijiko ni jambo jingine, na kopo ndilo umbo baya kuliko yote kwa swali langu la pili: kijiko kinashuka, uso unasawazishwa, kingo zinafuatwa, na hakuna alama inayosema umefika. Pakua kwenye bakuli dogo, rudisha kopo ndani ya friza, ndipo uketi. Ukitaka zaidi utainuka, na mara nyingi hutainuka.

Chokoleti inaanza na faida ya umbo. Ina mistari, inavunjika, kipande ni kipande. Lakini faida yake kubwa ni siagi ya kakao, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi kama 34, chini kidogo tu ya joto la mwili. Ndiyo sababu iko ngumu mkononi kisha inageuka mchuzi ulimini. Weka kipande kimoja mdomoni, usitafune, kiache. Kingo zinalegea kwanza, kisha katikati panazama, na ladha inaendelea kubadilika kwa dakika nzima, kutoka uchungu hadi utamu hadi kitu kama tunda. Chakula kinachokupa muda mrefu hivyo kwa gramu chache ni nadra.

Hilo linatokea kwa chokoleti halisi tu. Geuza pakiti usome viambato, ambavyo katika nchi nyingi huandikwa kwa kufuata uzito, kizito kwanza. Ukikuta mafuta mengine ya mimea mahali pa siagi ya kakao, haitayeyuka hivyo. Itabaki ulimini kama nta, na utatafuna nyingi ukisubiri raha isiyokuja. Chokoleti yenye ukungu mweupe juu haijaoza: imepata joto, mafuta yake yamepanda juu na kuganda tena. Ni salama, ila imepoteza mlio na ulaini. Kwenye chumba chenye joto, itie kwenye chombo kinachofunga vizuri ndipo uiweke kwenye friji, la sivyo itanusa vitunguu. Itoe mapema, na usiifungue mpaka ipate joto la chumba, ili umande usitue juu yake.

Usiku, angalizo moja. Chokoleti nyeusi ya asilimia 70 na zaidi ina kafeini. Gramu 30 zake hubeba kama robo ya kile kilichomo kwenye kikombe cha kahawa, na kuna theobromini, kichangamshi kingine cha kakao, juu yake. Wapo wasioathirika. Kama wewe ni wa kukodolea dari, ile ya maziwa au bakuli dogo la aiskrimu ni chaguo bora baada ya saa 3 usiku, maana usingizi ukipotea leo, tumeshaona njaa ya kesho itadai nini.

Na kuliwazwa je? Mwaka 2014 jarida la Health Psychology lilichapisha utafiti ambao watu walionyeshwa filamu ya kuwahuzunisha, kisha baadhi wakapewa chakula walichosema kinawaliwaza, wengine chakula kingine, wengine hawakupewa kitu. Hali ya moyo ilirudi kwa wote kwa kiasi kilekile. Chakula hakikuongeza kitu juu ya kazi iliyokuwa ikifanywa na muda. Miaka 3 kabla yake, utafiti wa Jordan Troisi na Shira Gabriel ulikuwa umeonyesha upande mwingine: vyakula vya kuliwaza hubeba kumbukumbu ya watu tuliokula nao, na kwa wenye mahusiano imara vinapunguza hisia ya upweke.

Nikiziweka tafiti hizi mbili pamoja, napata ushauri huu kwa anayeishi peke yake kwenye chumba cha ghorofani. Huzuni ya kupita, ya siku mbaya kazini, haihitaji kopo. Itapita, kwa hiyo kula kwa sababu ni kitamu, usile kama dawa. Upweke ni habari nyingine. Kwa upweke chagua chakula cha kugawana. Hapo chokoleti inaishinda aiskrimu, maana unaivunja na kumpa jirani bila sahani wala kijiko. Na piza kubwa ile niliyoikataza juu inarudi kwa heshima zote, kwa sharti kwamba mtu wa pili yupo.

Chumvi, tamu, au vyote

Limebaki suala la kombo, kwa sababu maduka na simu vinakusukuma huko. Unataka chipsi, unaambiwa ongeza kinywaji na kitu kitamu kwa bei ndogo tu, au oda yako haijafikia kiwango cha chini cha kuletewa. Mwili una breki ambayo mtafiti wa ulaji Barbara Rolls na wenzake walianza kuieleza miaka ya mwanzo ya 1980: ladha moja ikirudiwa, hamu yake hupungua, lakini ladha mpya ikiletwa hamu huamka upya, hata tumbo likiwa limejaa. Kombo imejengwa juu ya hilo hilo. Chipsi zinakushibisha chumvi, soda inasafisha ulimi, kitamu kinafungua mlango mwingine, na unarudi kwenye chipsi.

Kwa hiyo jioni moja, chagua upande mmoja. Kama ni chumvi, iwe chumvi tu na maji ya kunywa. Ukiona bado unataka tamu, subiri nusu saa. Ikibaki, kipande cha chokoleti kitatosha, kwa sababu sasa hakishindani na kitu. Na kama oda haifikii kiwango cha chini, usijaze pengo kwa kitamu ambacho hukukifikiria. Jaza kwa kinachofaa kesho: vipande vya piza vya ziada, au kuku wa mchana. Ukila kitu kizito cha mafuta usiku, acha saa 2 au 3 kabla ya kulala chali, hasa kama kiungulia ni mgeni wako wa kawaida. Ukiwa umefika nyumbani umechelewa kiasi kwamba saa hizo hazipo, funga simu ya kuagizia, chemsha maji, na upasulie yai kwenye tambi.